Mwalimu Apewe Ngapi?

Wiki ya mwisho ya Juni, enzi zile nikiwa mwalimu, steshenari zilizo karibu na shule yetu hapa Kariakoo zilipata wateja wa aina moja. Tulitoka wawili wawili, fomu mkononi, kwenda kutoa kopi ya OPRAS, ile fomu ya kumpima mtumishi wa umma. Fomu ilitakiwa nakala tatu. Malengo yaliyopaswa kuandikwa Julai ya mwaka uliotangulia, yakajadiliwa na mkuu wa shule, kisha yakapitiwa tena Desemba, sisi tuliyaandika yote kwa kikao kimoja. Kalamu zilibadilishwa, bluu hapa, nyeusi pale, ili Desemba ionekane ilikuwa Desemba kweli. Aliyetunza fomu ya mwaka juzi alikuwa tajiri siku hiyo: wenzake walimzunguka wakinakili, wakibadilisha tarehe na somo. Nilipata kumwona mwalimu wa Jiografia aliyeahidi kwa maandishi kumaliza silabasi ya Biolojia.

Baada ya hapo ni foleni mlangoni kwa Mkuu. Alikuwa mtu mwema, mwenye walimu zaidi ya hamsini wa kuwapima na barua za wilaya zikimsubiri mezani. Aliniuliza hali ya mtoto, akageuza kurasa mpaka penye alama, akaandika mbili. Mstari wa pili, mbili. Mpaka chini, mbili. Katika OPRAS moja ndiyo alama ya juu kabisa na tano ndiyo mbovu kuliko zote, kwa hiyo mbili ni sifa njema isiyozua maswali. Moja ingemlazimu kueleza. Tatu ingeleta manung'uniko stafu, na pengine mtu angegoma kushika zamu. Mbili ilikuwa alama ya ujirani mwema. Nilisaini, akasaini, nikamshukuru.

Nimekumbuka foleni ile kwa sababu siku hizi, kila nikikutana na walimu wa shule za katikati ya jiji, maongezi hayachukui dakika kumi kabla ya kufika kwenye PEPMIS. Fomu ya karatasi imekufa, imekuja ya kwenye mtandao. Malalamiko, hata hivyo, ni yale yale niliyoyasikia juu ya karatasi, na nadhani wenye kulalamika na wenye kulalamikiwa wote wanajua kiini chake ingawa hakiandikwi popote: mkuu wa shule ya serikali anatakiwa ampime mwalimu, lakini hana cha kumpa wala cha kumnyima. Mtu asiye na cha kutoa akikupa alama, alama hiyo huwa ni adabu tu.

OPRAS yenyewe haikuanza kwa nia mbaya. Kabla yake kulikuwa na taarifa za siri. Bosi aliandika peke yake anavyomwona mtumishi, akafunga bahasha, na mtumishi hakujua kilichomo mpaka pale alipoona wenzake wamepanda yeye amebaki. Walimu wastaafu wanazikumbuka bahasha hizo vizuri. Mwaka 2004, miaka miwili baada ya Sheria ya Utumishi wa Umma namba 8 ya 2002, serikali ikaleta mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi. Neno lenye uzito hapo lilikuwa "wazi". Msimamizi na msimamiwa wakae, wakubaliane malengo na vitendea kazi, wakutane tena katikati ya mwaka, wamalizie Juni. Mwisho wa fomu kulikuwa na sehemu ya mapendekezo: mtumishi atuzwe, aendelezwe, au aonywe.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyoiua fomu. Mkuu angependekeza mwalimu wake wa Hisabati apelekwe masomoni, lakini fungu la masomo haliko shuleni. Angependekeza apandishwe daraja, lakini madaraja ya walimu yana mwenyewe, ambaye tangu Julai 2016 ni Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria namba 25 ya 2015. Mshahara uko Hazina. Malimbikizo yako huko huko, yanazeeka. Na hata kuonya kuna ngazi zake. Kilichobaki mikononi mwa mkuu ni ratiba ya vipindi, zamu, na ruhusa ya kwenda kliniki.

Halafu ikaja 2016. Serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, na vyeti vya kughushi vilipatikana kweli, lakini fikiria mwalimu mwenye cheti halali aliyekuwa zamu ya kupanda mwaka ule. Juni ilipofika aliambiwa ajaze OPRAS kama kawaida. Akaijaza. Akapewa mbili yake. Daraja halikusogea. Yaliyochelewa yalipoanza kurekebishwa miaka ya baadaye walimu wakapata neno jipya, "mserereko", yaani kuserereshwa ngazi ulizorukwa. Hakuna somo la utawala lililowafundisha walimu kwa ufasaha namna hiyo kwamba fomu na daraja ni ndugu wasiosalimiana.

Si walimu peke yao. Mwaka 2012 Nils Gunnar Songstad na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watumishi wa afya wa Tanzania na OPRAS, na waliyoyakuta wodini yangeweza kusemwa stafu: watu walisita kuitumia kwa sababu baada ya kujaza hawakupata mrejesho wala manufaa. Walijaza, ikaondoka, kimya.

Sasa tumgeukie mkuu, maana katika maongezi haya yeye hufanywa adui upesi mno. Shule ya msingi ina mwalimu mkuu, ya sekondari ina mkuu wa shule, na tangu 2016 wanalipwa posho ya madaraka: shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu, 250,000 kwa mkuu wa shule. Kwa posho hiyo anabeba mitihani, vyoo, wazazi, ugeni, chakula cha mchana, fedha za elimu bila ada na hesabu zake. Yeye naye anapimwa, tena kwa kipimo kisichojua ujirani mwema. Matokeo yakitoka, Afisa Elimu Kata anapiga simu, wilaya inaita kikao, mkuu anasimamishwa mbele ya wenzake aeleze sifuri zake zimetoka wapi.

Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule hadharani kwa ufaulu, zikapewa rangi kama taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Ulikuwa wakati wa fadhaa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalikuwa yameonyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri, nchi ikazizima, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Rangi zilikusudiwa kuwaamsha wakuu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipozichambua takwimu za shule za msingi waligundua mawili. Shule zilizokuwa mkiani wilayani mwao zilipandisha ufaulu kweli. Ila pia baadhi ya wanafunzi walipungua kabla ya kufika mtihani wa darasa la saba, kwa namna iliyoonyesha kwamba shule zilikuwa zinawachuja. Mkuu aliyebanwa na asilimia alipata njia ya kuipandisha bila kufundisha zaidi: punguza wanaogawanywa. Mwalimu yeyote wa Hisabati angemwambia hivyo.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Wapo waliosikitika, hasa wenye shule binafsi waliokuwa wakichapa mabango. Sikumsikia mkuu wa shule ya serikali hata mmoja akilia.

Asilimia ina ugomvi mwingine na shule za mjini. Chukua Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi kongwe hapa hapa jirani na Kariakoo, inayojulikana nchi nzima kwa kupokea watoto wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili pamoja na wenzao. Mwalimu anayekaa miezi na mtoto mmoja mpaka vidole vyake vitambue nukta nundu, au mpaka ajue kufunga vifungo vya shati lake, ana ushindi ambao ukiuweka kwenye kisanduku cha "idadi ya waliofaulu" unatoka sifuri. Fomu haikuandikwa kwa dharau kwa mwalimu huyo. Iliandikwa kwa mtumishi wa umma kwa jumla, karani, bwana shamba, mhandisi wa maji, kisha mwalimu akaambiwa ajipenyeze humo. Na hata madarasa ya kawaida hapa mjini yana mambo yao. Kariakoo iligeuka maghorofa ya biashara, wenyeji wakahamia pembezoni, na watoto wengi wanaosoma katikati ya jiji hutokea mbali, wamesimama kwenye daladala tangu alfajiri. Mwalimu mwenyewe ametokea Chanika au Mbagala. Kipindi cha kwanza kinaanza wote wawili wamechoka. Lengo namba tatu kwenye mfumo linasema kudhibiti utoro na uchelewaji kwa asilimia mia.

Tusijidanganye lakini. Walimu tuna dhambi zetu, na wanaotaka tupimwe hawakuota tu. Mwaka 2010 watafiti waliingia katika shule za msingi za Tanzania bila taarifa. Asilimia 23 ya walimu hawakuwepo shuleni. Waliokosekana darasani walikuwa asilimia 53, maana yake wengi walikuwepo shuleni, chini ya mwembe au stafu, na darasa linajisomea. Nilifanya hivyo mimi pia, nakiri, hasa mwisho wa mwezi. Na mwaka huo nilipata mbili.

PEPMIS ilikuja kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 kuziba mianya hiyo. Ni mfumo wa kielektroniki wa kusimamia utendaji wa watumishi wa umma. Unaingia kwa cheki namba yako, unaweka majukumu, chini yake kazi na kazi ndogo ndogo, msimamizi anaidhinisha, unaendelea kujaza utekelezaji, naye anakupa alama. Hakuna tena kuandika mwaka mzima kwa siku moja, kwa kuwa mfumo unaona tarehe uliyoingiza. Na safari hii watumishi waliambiwa wazi kwamba asiyejaza asitegemee kupanda. Kwa mara ya kwanza fomu na daraja zikasalimiana, na stafu zote zikatoa simu mfukoni.

Hapo ndipo ukumbi wa tathmini ulipohamia Mtaa wa Aggrey. Nasema hivyo kwa utani, ila utani una ukweli: mtaa ule wa Kariakoo ni wa maduka ya simu, na zipo simu janja zilizonunuliwa pale na walimu waliokuwa wakiridhika na vitochi vyao. Mtaa umebeba jina la James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyepita Afrika Mashariki mwaka 1924 na Tume ya Phelps-Stokes. Tume ile ilikuja kukagua elimu ya Waafrika, na yeye alikuwa Mwafrika pekee kati ya wajumbe. Miaka mia moja baadaye, mwalimu ananunua mtaani kwa Aggrey kifaa cha kujikagulia, kwa fedha yake, na bando lake.

Bando ndilo lalamiko la kwanza utakalosikia, na ni la kweli. La pili ni mtandao unaogoma siku ya mwisho, wakati kila mtumishi wa nchi anaingia. La tatu ni la wakuu: mwenye walimu sitini anakaa usiku akiidhinisha kazi ndogo za kila mmoja, moja baada ya nyingine. Anachofanya mtu aliyechoka mbele ya orodha ndefu kinajulikana. Anabonyeza kubali, kubali, kubali. Ile mbili ya ujirani mwema imepata umeme. Na watundu wameshajua: kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka malengo yaliyokwisha kuandikwa, ya Hisabati, ya Historia, ya mwalimu wa michezo, nawe unakopi na kubandika. Yule tajiri wa fomu ya mwaka juzi sasa ana wafuasi mkoa mzima.

Wakenya walitangulia kupita njia hii. Januari 2016 Tume ya Utumishi wa Walimu ya kwao ilileta mfumo uitwao TPAD, pamoja na mikataba ya utendaji kwa wakuu wa shule, na chama cha walimu cha KNUT, kikiongozwa na Wilson Sossion, kikaupinga kwa miaka. Kilichowachoma walimu kuliko bando kilikuwa daftari la mahudhurio ya vipindi: kiongozi wa darasa, mtoto, ndiye wa kuandika kama mwalimu ameingia na ameingia saa ngapi. Mtawala ataona ni ushahidi mzuri, kwani nani anajua zaidi ya aliyekuwa akisubiri? Mwalimu aliona kiranja amefanywa bosi wake. Nimejaribu kuwa upande wa mtawala katika hili na nimeshindwa. Si kwamba mtoto atasema uongo. Ni kwamba kesho yake mwalimu huyo huyo anatakiwa amsahihishie insha.

Na je, fedha? Pamekuwa na jaribio hapa hapa Tanzania. Kuanzia 2013 shirika la Twaweza liliendesha KiuFunza katika shule za msingi 350: mwalimu wa madarasa ya chini analipwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi aliyefaulu somo katika mtihani uliosimamiwa na watu wa nje, na mwalimu mkuu 1,000. Shule nyingine zilipewa ruzuku tu, nyingine motisha tu, nyingine vyote. Matokeo yaliyochapishwa 2019 na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao yalionyesha ruzuku peke yake haikubadili kujifunza, na vyote viwili kwa pamoja vilizaa zaidi ya jumla ya kila kimoja. Wachumi walifurahia mwingiliano huo. Mimi nilivutiwa na kitu kidogo zaidi: pale aliyepima alikuwa mgeni, alimpima mtoto, na alileta fedha mkononi. Kwenye fomu zetu hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Sitetei kwamba nchi nzima ilipwe kwa vichwa. Madarasa ya juu, watoto wa nukta nundu, somo la uraia, hayo yote yangeanguka nje ya hesabu, na tumeshaona shule zinavyojua kupunguza vichwa. Lakini nikiwasikiliza walimu kwa utulivu, ghadhabu ya bando ikishaisha, ni wachache wanaokataa kupimwa. Wanalokataa ni kupimwa na mtu ambaye hajawahi kuingia darasani mwao. Wathibiti ubora huja, kwa uchache wao, wakasoma andalio la somo na azimio la kazi, wakakaa nyuma kipindi kimoja, wakaondoka na gari. Mkuu yuko pale siku zote, ila amezama katika risiti za ukarabati. Wakuu nao wakiwa peke yao wanakiri: walifanywa wakuu kwa sababu walikuwa walimu wazuri, na tangu siku hiyo hawajapata nafasi ya kusikiliza somo hata moja mpaka mwisho.

Katika miaka yangu mitano ya ualimu nilipimwa kweli mara moja. Mtaaluma wetu, mama mmoja wa makamo tuliyemwita Madam bila jina, mwenye kutembea na chaki zake mwenyewe kwenye kopo la maziwa, alikuja darasani kwangu siku ya Alhamisi kwa sababu chumba chake kilikuwa kinavuja. Alikaa dawati la nyuma akisahihisha daftari zake kipindi pacha kizima. Nilidhani hanisikilizi. Kengele ilipolia alinisubiri mlangoni, akaniambia nina sauti nzuri, na kwamba kwa dakika themanini nilikuwa nimeuliza maswali mengi na yote nimewauliza waliokaa kushoto, mbele. Upande wa dirishani sikuwahi kuutazama hata mara moja. Akaniuliza kama shingo inaniuma.

Haikuandikwa popote. Mtaaluma hakuwa na sehemu ya kusaini kwenye OPRAS. Jumatatu iliyofuata nilianza kuuliza kuanzia nyuma, dirishani, na msichana mmoja ambaye nilikuwa hata jina lake silijui alisimama akajibu swali la ngeli kwa mfano ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Nikaendelea hivyo mwaka mzima. Juni ilipofika nilikwenda steshenari, nikatoa kopi tatu, nikapanga foleni, na Mkuu akaniuliza hali ya mtoto, akaniandikia mbili.